Chupa ya Kirumi Niliyoiachia

Vijana wangu, wengi wenu mnanifahamu kwa kisa kimoja. Kila niliyemfundisha kufunga vitu vya makumbusho pale ghalani Fort Worth alisimuliwa kisa hicho siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa choo kiko wapi: kisa cha mdogo wangu Deogratias na chupa ya Kirumi. Mlicheka, mkatazama mikono yenu, kazi ikaendelea. Sasa nimestaafu, mgongo umekataa makasha, na nataka nikisimulie upya, kwa sababu mara zote zile nilikisimulia kwa uongo. Jina la mtu limechafuka kwa mdomo wangu.

Lakini siwezi kuanza na chupa. Kosa liko ndani ya kazi yenyewe, na asiyeijua kazi hatalielewa.

Nilianza pale kama mfagiaji. Shule niliiacha darasa la nne, mwaka ule wazazi wetu walipouawa Burundi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi ndiye mkubwa, na Deo hakuwa ameota hata jino. Nilivuka naye mpaka kuingia Tanzania nikiwa nimembeba mgongoni, wadogo wengine wawili wameshika kanga yangu huku na huku. Miaka thelathini na zaidi baadaye tukapandishwa ndege kuja Texas. Kwa hiyo mtu asiniulize nilisomea nini. Nilikuja na mikono.

Aliyeitazama mikono hiyo akaona inafaa ni mzee Earl, mzaliwa wa Fort Worth, mtu mweusi mrefu aliyefunga makasha tangu enzi za kujaza nyasi kavu na magazeti. Siku moja aliniona nikihamisha maua ya vyungu ofisini ili nifagie. Akasimama na kahawa yake, akatazama mpaka nikamaliza. Kesho yake akamwambia msimamizi, "Yule mama naomba aje kwangu. Anabeba chungu kama anabeba mtoto." Sikumwambia kwamba ndivyo nilivyojifunza kubeba.

Mzee Earl alinifundisha mambo ambayo hayako kwenye kile kitabu chenu cha picha. Kabla ya kubeba kitu, tembea njia yote mikono mitupu, uone kizingiti kiko wapi, waya uko wapi, na mjinga gani ameacha ndoo. Vua pete, vua saa, geuza mkanda wa suruali kifungo kikae nyuma. Kioo usikishike kwa glavu za pamba, vaa za mpira. Kichwa cha jiwe usikishike puani wala sikioni, hata kama kinakutazama kwa dharau. "Unadhani kwa nini Warumi wengi hawana pua?" aliniuliza. Nikasema labda vita. "Vita kidogo," akasema. "Wengine ni watu kama sisi siku ya Ijumaa."

Wiki yangu ya kwanza nilifunga kasha zima la kichwa cha jiwe cha Kaisari kwa skrubu thelathini na mbili, nikajisifu, kisha nikaanza kutafuta futi yangu. Mzee Earl akaweka sikio kwenye kasha, akalitikisa kidogo sana. "Nadhani Kaisari anajipima suruali," akasema. Nikafungua skrubu thelathini na mbili.

Leo mashine inakata sponji kwa umbo la kitu chenyewe, na picha zinapigwa kwa tableti kila hatua. Sisi tulikata kwa kisu cha jikoni na kuandika kwa penseli. Ninyi mna bahati. Ila kuna kanuni moja haikubadilika, na ndiyo ninayotaka muikumbuke. Kitu kinapotoka mkono wa mtu kwenda mkono wa mwingine, anayetoa anauliza, "Umeshika?" Anayepokea, mikono yote miwili ikiwa chini ya kitu, anajibu, "Nimeshika." Mpaka asikie neno hilo, anayetoa haachii. Hata kama anayepokea ni mkuu wa makumbusho. Hata kama ni mdogo wako uliyemlea.

Mzee Earl alinibana kwenye jambo hilo mapema, kwa sababu aliniona na mazoea ya kwetu. Kwetu mdogo akipokea kitu kwa mkubwa hanyooshi mikono miwili kama anayedai. Ananyoosha wa kulia, na wa kushoto anaugusisha kwenye kiwiko cha huo wa kulia, kichwa kinainama kidogo, na kimya. Hiyo ndiyo heshima. Mara ya kwanza alipokuwa akinipa bisibisi, nilipokea hivyo. Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Mama, huo mkono wa kushoto unafanya nini huko?" Nikamweleza. Akasema, "Ni jambo zuri sana. Kaniheshimu hivyo kwenye maegesho. Humu ndani mikono yote miwili iwe chini ya kitu." Ilinichukua mwezi mzima kuacha.

Kumbe nilijua hatari ile kuliko mtu yeyote pale. Shikeni hilo mkononi, tunaendelea.

Maonyesho ya Warumi yalikuja mwaka 2017. Makasha arobaini na kitu, kutoka ng'ambo, yakae Fort Worth kisha yaende Houston. Mzee Earl alikwisha kustaafu, mimi ndiye niliyekuwa naongoza meza ya kufungia. Walitaka watu wa ziada wa muda, nikamleta Deo.

Deo wakati huo alikuwa na miaka arobaini na sita, anafua mashuka ya hoteli kule Lewisville. Kule kambini Tanzania alikuwa mwalimu wa historia wa shule ya msingi. Kabla ya hapo alipata miaka miwili ya seminari ndogo, ambako mapadre walimtia Kilatini kichwani kikagoma kutoka. Texas haikumuuliza lolote kati ya hayo. Lakini makasha yale yalipofunguliwa, nilimwona mdogo wangu akibadilika mbele ya macho yangu. Alikuwa anasoma mawe. Sisi tunatafuta mshale wa "juu huku", yeye anasoma.

Wakati wa chakula tulikaa mlangoni pa kupakilia, sisi wawili na Salim, Mzanzibari aliyekuwa dereva wa lori letu. Salim hakosi neno.

"Mwalimu," akasema siku moja, mdomo umejaa sambusa, "hawa Warumi wako waliisha lini? Maana hapa kwenye kibao wameandika mwaka kabisa, kama kwenye pakiti ya maziwa."

"Wameandika mwaka ambao mfalme wa mwisho wa upande wa magharibi aliondolewa," Deo akasema. "Lakini upande wa mashariki, Konstantinopoli, waliendelea kujiita Warumi karibu miaka elfu moja. Kasha la thelathini na tano, zile sarafu zenye msalaba, ni zao. Ungemwambia mtu wa huko kwamba Rumi imekufa angekupima homa."

"Basi hata sisi twajua hivyo! Kwetu mtu akisema Rumi ni Istanbul, si Italia. Na Sultani alipouchukua ule mji akajiita nani?"

"Kaisari wa Rumi."

"Ahsante. Kwa hiyo ni wetu."

"Subiri. Wajerumani nao walikuwa na Kaisari wao, na huyo ndiye aliyetawala Burundi na Tanganyika. Babu yetu alikata miti ya barabara kwa amri ya Kaisari. Hakujua jina hilo limetoka wapi."

"Lahaula!" Salim akanigeukia. "Da Spe, kumbe na nyinyi ni Warumi. Mbona mwala ugali?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Sijacheka hivyo tena na mdogo wangu.

Siku nyingine mama aliyeandaa maonyesho, bingwa wa mambo hayo ofisini, alimkuta Deo amechuchumaa mbele ya jiwe la kaburi dogo, midomo inacheza. Akamuuliza anafanya nini. Deo akasimama kwa aibu, akasema anasoma. Lisome basi, akaambiwa. Akasoma kwa Kilatini, kisha akaeleza kwa Kiingereza chake cha taratibu: ni mtoto wa miaka mitatu, wazazi wamehesabu mpaka miezi na siku alizoishi. Yule mama akalitazama jiwe upya. Akauliza amesomea wapi. Deo akasema Kigoma.

Wiki ile ile tukasikia kwamba Januari watahitaji mtu wa kuongoza watoto wa shule kwenye kumbi za kale za makumbusho yetu, na yule mama anamtaka Deo. Ilibaki karatasi tu. Deo akaanza mazoezi sebuleni kwangu, amevaa shati la kanisani, mimi na mashine ya kushonea ndio wanafunzi. Alieleza Warumi walivyopanda, kijiji cha wachunga ng'ombe juu ya vilima mpaka kuizunguka bahari nzima. Alieleza walivyoshuka, na hapo sauti yake ilikuwa inapungua.

"Watoto watataka kusikia kwamba maadui walikuja wakavunja kila kitu," alisema. "Walikuja kweli. Lakini nitawaonyesha mfereji wa maji. Unapasuka, mji wa chini unasema wa juu watatengeneza, wa juu wanasubiri askari, askari wamehamishwa. Hakuna aliyetangaza kwamba tumeuacha. Watu wakazoea kuchota mtoni, na wajukuu wakachukua mawe ya mfereji kujengea zizi."

Nilimwambia apunguze, watoto watasinzia. Akacheka akasema, "Sawa, Dada." Kila kitu kwangu kilikuwa "Sawa, Dada."

Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Kwa miezi ile yote Deo alikuwa akipokea vitu kutoka kwangu kwa desturi ya kwetu. Futi, utepe, kikombe cha chai: mkono wa kulia mbele, wa kushoto kiwikoni, kichwa chini. Kwa watu wengine alipokea kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha. Kwangu mimi tu mwili wake ulirudi nyumbani. Niliona. Nilipaswa kumwambia kile mzee Earl alichoniambia. Sikumwambia, na sababu ni kwamba ilinipendeza. Ninyi watoto wenu na wadogo zenu wanawajibu kwa Kiingereza wakiwa wanatazama simu. Mimi nilikuwa na mwanamume wa miaka arobaini na sita, msomi, anayeinamisha kichwa ninapompa kikombe. Nilikula heshima ile kama sukari.

Siku ya kufunga maonyesho, mwishoni mwa mwaka, ilikuwa asubuhi yenye jua, lori la Salim limeshafungua mlango. Zilibaki chupa sita za kioo, ndogo kama kidole gumba, za kuwekea manukato. Kioo cha Kirumi kikikaa ardhini muda mrefu kinapata rangi kama mafuta juu ya maji ya barabarani. Mimi nilikuwa natoa kabatini, Deo amesimama kwenye trei. Tano zilipita vizuri: umeshika, nimeshika. Kufika ya sita, nikaanza kuongea. Nilikuwa namsimulia ugomvi wa kwaya, nani amekataa kitambaa cha kijani cha Krismasi. Hata kanuni ya kutoongea ni yangu, niliwafundisha ninyi.

Nikanyoosha chupa huku naongea, kwa Kirundi, kama niko jikoni. Deo naye, kwa sababu aliyemsemesha ni dada yake kwa lugha ya nyumbani, akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukaenda kiwikoni, kichwa kikainama. Sikuuliza. Hakujibu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Nikaachia.

Haikupiga kelele. Mtu akidondosha sahani hapa mtaa mzima unasikia. Ile ililia kama chumvi inayomwagika sakafuni.

Msimamizi alikuja na fomu. Aliuliza kwa upole, hakuwa mtu mbaya. "Nani alikuwa ameshika?" Deo alinitazama, muda mfupi tu. Halafu akasema, "Mimi." Msimamizi akanigeukia mimi. "Ulisubiri akujibu?"

Nikasema, "Ndiyo."

Neno moja. Nimekwisha kulitafutia sababu nyingi miaka hii. Nilijiambia kwamba bima ya matibabu ya nyumba nzima ilikuwa kwenye kazi yangu. Nilijiambia kwamba yeye ni wa muda, mgeni, watamsamehe, mimi kiongozi wa meza hawatanisamehe. Nilijiambia kwamba nimembeba mgongoni kuvuka mpaka, na yeye anaweza kunibebea hiki kimoja. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonitia aibu zaidi, na ndiyo iliyokuwa ya kweli.

Hawakumsamehe. Mkataba wa muda uliisha siku ile ile. Kazi ya kuongoza watoto haikutajwa tena. Yule mama wa ofisini alipita karibu yangu ukumbini akatikisa kichwa kwa huzuni, nami nikatikisa cha kwangu. Baada ya Krismasi Deo alihamia Houston na mkewe Goreth, akapata kazi ya kupeleka wagonjwa hospitali na kuwarudisha. Maonyesho yale yale yalikuwa Houston kwa miezi mitano, nusu saa kutoka kwake. Nilikwenda na lori kuyafungua. Kwenye trei ya chupa kulikuwa na matundu sita na chupa tano. Nilimpigia aje aone kumbi zilivyopangwa. Akasema, "Nina zamu, Dada." Kila siku alikuwa na zamu.

Na mimi nikafanyaje? Nikarudi Fort Worth, nikaanza kukisimulia kisa kama somo. Mara ya kwanza kilinitoka tu, nilikuwa nataka kumtisha kijana mmoja mzembe. "Mdogo wangu mwenyewe," nikasema, "msomi wa Kilatini, alipokea chupa ya miaka elfu mbili kwa mkono mmoja." Kikafanya kazi. Nikakirudia. Nikakiongezea chumvi, nikaiga kichwa chake kinavyoinama. Mlicheka sana. Mwisho hata mimi nilikuwa naamini kwamba nilisubiri jibu.

Aliyenikamata ni Furaha, binti wa Bukavu, nilipokuwa namaliza wiki zangu za mwisho mwanzoni mwa 2020. Wenzake wanacheka, yeye amekunja uso.

"Sasa Mama," akasema, "ye alijibu 'nimeshika'?"

"Alipokea kwa mkono mmoja, ninakuambia."

"Ndiyo, nimesikia iyo. Mi nauliza, wewe ulimusikia anajibu? Juu kama hakujibu, kwa nini uliachia?"

Wengine wakamwambia anyamaze, amwache Mama amalize. Sikumaliza. Nilisema nimesahau simu kwenye gari, nikatoka, nikakaa kwenye gari.

Jumamosi iliyofuata Salim alinipeleka Houston kwa gari lake. Njia nzima ya barabara ya 45 alijaribu kunichekesha. "Da Spe, leo umekuwa sanamu? Hata pua unayo, sema."

Goreth alituwekea chai na maharage, akamchukua Salim kwenda kumwonyesha gari linalogoma. Deo alikaa mbele yangu bado amevaa fulana ya kazi yenye beji. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema, "Deo, siku ile sikukuuliza. Niliachia tu. Halafu nikasema nilisubiri."

"Najua, Dada," akasema. "Nilikuwepo."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Mwenye kusema ulikuwa wewe." Alizungusha kikombe. "Nilikusubiri Jumapili ya kwanza, nikajua utaanza na hilo baada ya misa. Nikasubiri ya pili. Ya tatu uliniletea viazi, ukaongea habari za kwaya. Basi nikamwambia Goreth tuhame."

Nikaanza kulia. Hakunizuia wala hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, kama mwalimu.

"Kazi niliipoteza, nikapata nyingine," akasema. "Kazi ni kazi. Lakini mwaka jana kijana mmoja amehamia hapa kutoka Fort Worth, alifundishwa na wewe. Kanisani akanionyesha kwa mwenzake, akasema, yule ndiye Mzee wa Chupa. Sasa ni jina langu. Watoto wananiita hivyo, wanaiga namna ninavyoinama. Mwanangu amesikia. Ameniuliza kama ni kweli, nikamwambia ni kweli. Ningemwambia nini? Kwamba shangazi yake ni mwongo?"

Nikamwambia nitaandika ofisini. Akasema nifanye nitakavyo, ofisini si kitu. "Waambie hao uliowachekesha."

Nilimuuliza kama bado anasoma vitabu vyake vya Warumi. Akasema hapana. Halafu akasema ana mgonjwa wa saa nane na asimcheleweshe.

Ofisini niliandika. Walinijibu kwa upole kwamba wamepokea, fomu imerekebishwa. Yule mama wa maonyesho alikuwa ameshaondoka, na ugonjwa wa korona ulikuwa umefunga kumbi, watoto wa shule hawaji tena. Hakuna nafasi ya kumrudishia mtu. Nilichelewa miaka miwili na zaidi, na mlango niliotaka kuufungua haupo tena ukutani.

Basi nimebaki na la pili aliloniagiza. Nimewapigia wengi wenu mmoja mmoja. Wengine mmebadilisha namba, wengine mko Richardson, Lewisville, wengine mmeacha kazi kabisa. Ndiyo maana naandika, msomeane. Jifunzeni kufunga kwa makosa yangu kama mlivyofanya, ila mjue ni ya nani. Anayetoa ndiye anayeuliza. Asiyeuliza akaachia, amevunja yeye.

Na ninyi mlio Houston, mkimkuta Deogratias kanisani Jumapili hii, msimwite tena Mzee wa Chupa. Mwanawe akiwa karibu, mwambieni mtoto asikie: aliyeiachia chupa alikuwa ni shangazi yako.